Vyombo Tulivyoviingiza Majumbani: Kutoka Redio ya Barazani Hadi Diski ya Kuhifadhia



Kila mwaka, korosho zikishauzwa na fedha zikaanza kufika mikononi mwa watu, maduka ya vyombo vya umeme ya Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba hutoa televisheni nje ya milango na kuziwasha mchana kutwa. Katika msimu wa 2017/2018, kilo moja ya korosho ghafi ilipopita shilingi 4,000 mnadani, niliwaona kwa macho yangu wakulima wakirudi vijijini na vioo vikubwa kuliko madirisha ya nyumba zao. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba 2018 Serikali ikaingia kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wako waliongoja sana malipo yao. Vile vioo vikabaki ukutani, na baadhi ya nyumba hazikuwa hata na fedha ya kununulia umeme wa kuviwashia.

Msimu huu mzazi mmoja wa wanafunzi wangu alinijia baada ya swala ya Alasiri, mkononi ana karatasi mbili za bei. "Maalim," akaniambia, "nina fedha ya kitu kimoja tu. Ninunue televisheni hii kubwa, au ninunue diski hii wanayosema itahifadhi kila kitu cha nyumba mpaka tuzeeke?"

Nikamjibu, "Kaa kwanza, mwanangu. Jambo hili si geni kwetu. Mara nne sasa katika umri wangu watu wa pwani hii wameingiza chombo kipya majumbani, na kila mara wako waliofaidika na wako waliojuta. Nikusimulie, kisha utachagua mwenyewe."

Niliyomsimulia ndiyo haya ninayowaandikia.

REDIO YA BARAZANI

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Lakini huku kwetu, kati ya Mikindani na maingilio ya mto Ruvuma, nyumba zilizokuwa na redio miaka ile ya mwanzo zilihesabika kwa vidole.

Wazee walitusimulia tufani ya Aprili 1952 iliyoipiga pwani ya Lindi na Mtwara. Haikuwako sauti ya kuwatangulia watu na kuwaambia ondokeni ufukoni. Walilitazama wingu, wakatazama rangi ya bahari, na wengine hawakuwahi kufanya zaidi ya hayo. Watu walikufa, minazi ikalala chini, na majahazi yakapotea.

Mimi nilizaliwa miaka michache kabla ya Uhuru. Redio ninayoikumbuka ilikuwa moja kwa mtaa mzima, nayo ilikaa barazani kwa mzee mmoja mwenye duka. Wanaume walikaa juu ya mkeka, sisi watoto chini mchangani, na akina mama walisikiliza kutoka dirishani. Betri zilikuwa ghali na adimu. Zikichoka zilianikwa juani, zikapata nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari ya usiku. Kwa hiyo redio haikuwashwa ovyo. Mwenyewe aliiwasha kwa jambo maalumu, na jambo likiisha aliizima.

Na mambo yalikuwako. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 25, 1964 vita vya ukombozi vikaanza upande wa pili wa mto wetu, katika Cabo Delgado. Ndugu zetu walivuka Ruvuma usiku kwa mitumbwi, wengine wana watoto migongoni. Frelimo ilipewa nafasi ya kutangaza kutoka Dar es Salaam, na hapo barazani wageni wale walisogea karibu na redio kutafuta habari za kwao. Februari 3, 1969, Dkt. Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu Dar es Salaam, habari ilifika kijijini kwa redio ile ile. Na Juni 25, 1975 Msumbiji ilipokuwa huru, watu walicheza ngoma hadi alfajiri.

Fundisho la redio ni hili: chombo kilikuwa kidogo, kimoja, tena cha mtu mmoja, lakini kilitumikia mtaa mzima kwa sababu kila mtu alijua kiliwekwa kwa kazi gani.

KASETI NA SAUTI YA MWALIMU

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti mwaka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1961, huko Misri ilikuwa imekamilika rekodi ya kwanza ya Qur'ani nzima, kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na mwaka 1964 Cairo ikaanzisha idhaa maalumu ya Qur'ani. Sauti hizo zilitufikia sisi kwa njia ya redio-kaseti, nazo zilikuja na mabaharia na jamaa waliokwenda kutafuta maisha Ghuba ya Uarabuni. Kufikia miaka ya 1980 ikawa aibu kwa harusi ya mtu mwenye uwezo kutorekodiwa.

Hapa inaniingia habari yangu mwenyewe. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisomesha usiku baina ya Magharibi na Isha. Hakuandika kitabu hata kimoja. Elimu yake yote ilikuwa kifuani na ulimini, na alifasiri kwa Kiswahili cha kwetu, akichanganya mifano ya uvuvi, ya mashamba ya mnazi na ya mpunga wa bondeni Ruvuma. Mmoja wa wanafunzi wake alimwomba ruhusa ya kurekodi. Mwalimu alikataa mara mbili, na mara ya tatu akakubali kwa sharti moja, kwamba kaseti zisiuzwe. Kwa miaka kadhaa zikapatikana kaseti 40, kila moja ya dakika 90. Alipofariki, zile kaseti zikawa ndizo darsa zake, na mimi ndiye niliyekabidhiwa.

Nitarudi kwenye kaseti hizo. Kwanza tumalize habari ya televisheni.

TELEVISHENI, TANGU CHOGO HADI KIOO CHEMBAMBA

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Bara haikuwako. Serikali ya wakati ule iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini, na kwamba ingemwaga majumbani mambo ya kigeni kabla nchi haijaweza kutengeneza yake. Msomaji anaweza kukubali au kukataa hoja hiyo, lakini aghalabu tunasahau kwamba ilikuwa hoja: watu walijiuliza kwanza chombo kitaleta nini, ndipo wakaulizana bei.

Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na zaidi katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, zikaja deki na kanda za video. Vikafunguliwa vibanda vya kuonyesha filamu, na huku kwetu baadhi ya watoto waliutoroka msaafu wakaenda huko. Mwaka 1994 vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kisha ikaja televisheni ya Taifa, na maungo yakaanza kuota juu ya mapaa ya Mtwara.

Televisheni za wakati huo ndizo tunazoziita leo za chogo. Zilikuwa nzito, zina kisogo kirefu nyuma, na kubeba moja kulihitaji vijana wawili. Lakini tabu yetu kubwa haikuwa uzito. Mtwara ilitegemea mashine za dizeli, na umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilipita miaka kama 25 kabla mji wa Mtwara haujaanza kuwaka kwa gesi hiyo. Katika kungoja huko vyombo vingi viliungua, na vingine viliuawa na hewa ya bahari, maana chumvi huingia taratibu na kula nyaya kama kutu ilavyo nanga.

Kisha likaja badiliko lililowatia watu hasara bure. Desemba 31, 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Wengi walidhani televisheni zao zimekufa. Nawajua watu waliouza chogo nzima kwa bei ya chuma chakavu wakakopa kununua mpya, ilhali king'amuzi kimoja kidogo kingetosha kuirudishia picha ile ile ya zamani. Hawakudanganywa na mtu. Walijidanganya kwa kutouliza.

Lakini tusiilaumu televisheni kwa kila jambo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na redio, televisheni na simu zikaieneza. Shule zilifungwa na watu wakahama maeneo ya ufukoni. Aprili 25 kimbunga kikaingia nchi kavu kusini mwetu, Cabo Delgado, na huko madhara yalikuwa makubwa, sisi tukasalimika. Mzee aliyeiona tufani ya 1952 angejua tofauti ya siku hizo mbili, na angejua chombo kina heri gani kikitumiwa mahali pake.

DISKI INAYOHIFADHI KILA KITU

Chombo cha nne ni hiki cha kuhifadhia: flashi, memori kadi na diski ngumu. Babu yao alitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Alikuwa na sahani 50 zinazozunguka, uzito wake ulikaribia tani moja, na alichukua kiasi cha herufi milioni 5 tu. Leo diski moja inayoshikika mkononi huweza kuchukua zaidi ya terabaiti 20, na kila terabaiti moja ni baiti milioni milioni.

Nami niliona hapa ndipo pa kuziweka darsa za mwalimu wangu. Nikanunua diski ya terabaiti moja, nikampa kijana azihamishe kaseti zote 40. Ilipokwisha nikafurahi mno, nikazigawa kaseti kwa mwenye kuzitaka, maana kabati lilikuwa limejaa na nyingine zilianza kuota ukungu. Diski nikaitia mtandioni, nikaifungia sandukuni.

Haikupita miaka mitatu. Siku moja niliiunganisha na kompyuta, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kutoka siku hiyo diski ikawa inagonga ndani kama kucha juu ya bati, na haikufunguka. Niliipeleka kwa mafundi wawili, wote wakanirudishia mikononi. Darsa za miaka mingi zimo ndani, wala hakuna wa kuzitoa.

Baadaye kijana mmoja alinipigia hesabu, nikaona haya. Darsa zote zile zilikuwa saa 60. Kwa kiwango cha kawaida cha kurekodia maneno, saa moja haifiki megabaiti 30. Kwa hiyo elimu yote ya mwalimu wangu haikufika gigabaiti 2. Ilikuwa kama kikombe kimoja cha maji ndani ya tangi la lita mia tano. Flashi tatu ndogo za bei nafuu, moja kwangu, moja kwa ndugu, moja msikitini, zingeihifadhi. Mimi nilinunua ukubwa, nikadhani nimenunua usalama.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo mwalimu wa Qur'ani hakustahili kulisahau. Baada ya vita vya Yamama, wasomaji wengi walipouawa, Sayyidna Abubakar (R.A.) aliamuru Qur'ani ikusanywe katika kurasa. Kurasa hizo zilikaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa binti yake, Bi Hafsa (R.A.). Sayyidna Uthman (R.A.) alipotaka kuwaunganisha watu, aliziazima kurasa hizo, zikanakiliwa, na nakala zikapelekwa Kufa, Basra na Sham, na nyingine ikabaki Madina. Hawakutosheka na nakala moja nzuri katika sanduku moja imara, na juu ya nakala hizo wakawako mahafidhi wenye kuihifadhi vifuani. Sisi tumepokea neno kuhifadhi kutoka kwao, kisha tunalitia ndani ya kopo moja la bati na kulala usingizi.

Ikasaidia nini? Bibi mmoja wa Msimbati, aliyesikia huzuni yangu, aliniletea kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na kaseti 11, zimefungwa kwa kipande cha kanga na mkaa kidogo wa kunyonya unyevu. Zilikuwa miongoni mwa zile nilizozigawa. Kumi zikasomeka. Kati ya darsa 40, hizo 10 ndizo tulizo nazo leo, na ziko mahali pane.

KIPIMO NA UDANGANYIFU

Jambo jingine linalomhusu mnunuzi ni kipimo. Ukinunua diski iliyoandikwa terabaiti moja, kompyuta nyingi zitakuonyesha kama gigabaiti 931. Hapo hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ni pishi mbili mbalimbali zinazopimia mchele ule ule.

Lakini wizi wenyewe upo. Ziko flashi na diski zinazouzwa kwa bei ya kustaajabisha, zimeandikwa ukubwa ambao hazinao. Zimetiwa hila ya kuiambia kompyuta uongo. Unaendelea kuzijaza, zinakubali, kumbe kilichozidi kinafutika au kinafuta cha zamani. Siku unayokwenda kutazama picha za marehemu baba yako hukuti kitu. Sote tunaijua sura iliyoshuka kuwaonya wenye kupunja vipimo. Na tunajua habari ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya chungu la nafaka, vidole vikakuta umajimaji chini, akamlaumu muuzaji kwa kuuficha wala hakuukubali udanganyifu uwe miongoni mwa mambo ya Waislamu. Basi nawe tia mkono chini ya chungu: ijaze diski yote ungali na stakabadhi ya duka, kisha yafungue uliyoyatia mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Tuliona Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Aliyenunua kwa urahisi ndiye aliyenunua mara mbili.

Na ipo hatari kubwa kuliko ya fedha. Memori kadi huchukua chochote, na haina haya. Oktoba 5, 2017 yalianza mashambulizi ya Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 yakafika upande wetu, kijiji cha Kitaya. Sababu za balaa lile ni nyingi, lakini waliolichunguza wamezitaja pia hotuba za kuchochea zilizopita mkono kwa mkono katika kanda na simu, zikasikilizwa na vijana wasio na mwalimu wa kumwuliza. Elimu yetu siku zote ilikuwa na mnyororo: nani kasema, kapokea kwa nani. Kadi isiyojulikana imetoka kwa nani haifai kuingia nyumbani, kama usivyopokea chakula kwa mtu usiyemwona uso. Mzazi asione tabu kumwuliza mwanawe, "Hii umepewa na nani?"

NILIYOMSHAURI

Yule mzazi alikuwa amenyamaza muda wote. Nikamwuliza, "Chumba chako kina urefu gani?" Akasema, kutoka ukutani hadi kwenye kiti ni hatua tatu fupi. Nikamwambia, inchi za televisheni hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Ya inchi 32 ni kama sentimita 81, ya inchi 55 ni kama sentimita 140. Ukikaa mbali kwa kiasi cha mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya kipimo hicho, macho yatastarehe. Chumba chake hakikuhitaji zaidi ya 32 au 40. Kuhusu vile vioo vyenye nukta nyingi mno vinavyosifiwa madukani, matangazo ya kawaida ya vituo vyetu hayaji kwa kiwango hicho, basi alipie nini? Atazame kama ina king'amuzi ndani yake, atake iwashwe kwa matangazo ya kawaida badala ya ile picha ya maua waliyoitengeneza kwa ajili ya kuuzia, na atenge fedha ya stebilaiza, maana umeme wetu haujaacha tabia zake. Aiweke mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kisha nikamwuliza, "Na diski, unataka kuhifadhi nini?"

Akafikiri. "Picha za harusi," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Na sauti ya mama. Ameniambia katika simu namna walivyovuka Ruvuma wakati wa vita, mimi mdogo mgongoni."

"Ipo wapi?"

"Ipo katika simu hii, Maalim."

"Nakala ngapi?"

Akaitazama simu mkononi mwake, hakujibu.

Alinunua televisheni ya inchi 32, na kwa baki akanunua flashi tatu ndogo. Moja anayo yeye, moja iko kwa dada yake Mikindani, na ya tatu aliniletea mimi. Nimeisikiliza. Mama yake anahadithia kwa Kimakonde na Kiswahili, na katikati anasita, unasikia kuku uani.

Ndugu wasomaji, msimu ujao vioo vitatolewa tena milangoni. Kabla ya kutoa fedha, kila mwenye nyumba akae na watu wake aulize matatu: chombo hiki kitatuletea nini, kitatuhifadhia nini, na siku kikifa nini kitabaki. Na aliye na sauti ya mzee wake katika simu moja, asingoje korosho. Aanze usiku wa leo.

Wabillahi tawfiq.